Msifagie Pakavu

Nianze na uongo, niumalize, kisha tuendelee. Mjini wanasema kwamba Nélida, binti wa marehemu kaka yangu, aliugua kwa sababu kwao ni wachafu. Nimeusikia kwa masikio yangu mwenyewe, kwenye duka la mbegu, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akipima shayiri na kucha zake zimejaa udongo. Nilimwambia alichostahili kuambiwa na sitakirudia hapa. Nyumba ya wifi yangu Herminda ni safi kiasi kwamba unavua viatu kabla hujaambiwa, na ukichelewa kuvua anakukazia macho miguuni mpaka uvue.

Hii ni habari ya Herminda. Naisimulia mimi kwa sababu yeye hasimulii, na wanaosimulia badala yake wanapotosha.

Herminda Calfuqueo alizaliwa juu kwenye malisho ya kiangazi, mwaka ambao mama yake alichelewa kushuka na mbuzi. Shuleni mwalimu alimkataza kusema lugha ya bibi yake. Akaona kama ni hivyo basi hatasema lugha yoyote, na akakaa mwaka mzima darasani bila kufungua mdomo. Walimpiga, hakusema. Walimpa zawadi ya peremende, akala, hakusema. Ndivyo alivyo. Akicheza karata anaiba, na ukimkamata anakukasirikia wewe uliyemkamata. Kaka yangu Ceferino alimwoa akijua yote hayo, na alikuwa akisema ni heri mke anayekasirika kuliko mke anayenung'unika. Mti ukamwangukia Ceferino msituni wakati Nélida ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Tangu hapo Herminda amelea peke yake, amekata kuni peke yake, na mimi nimekuwa jirani yake upande wa pili wa ua, nikioka mkate na kugombana naye karibu kila wiki.

Zilipojengwa nyumba za wageni kando ya ziwa, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuzifungua kila theluji ikiyeyuka. Ni nyumba za mbao nyekundu, sakafu zake zinang'aa hadi unaona aibu kuzikanyaga. Mwenyewe yuko mji mkuu, hatujawahi kumwona. Anayezisimamia ni Berrutti, mtu wa viatu vya ngozi na salamu nyingi, anayekuuliza mama hajambo huku akitazama saa. Wageni wake ni wavuvi matajiri. Wanakuja kutoka mbali kwa ndege, wanasimama majini asubuhi nzima na baridi ile, wanamkamata samaki, wanapigwa naye picha, halafu wanamrudisha ziwani. Herminda alikuwa akiwatazama anacheka mpaka anashika mbavu.

Sasa nije kwenye mianzi. Mianzi ya kwetu inachanua mara moja, inatoa mbegu, inakufa. Mtu anaweza kuzeeka akaiona mara mbili, na asipoiona kabisa hana alichokosa. Herminda aliiona akiwa mdogo. Aliniambia milima iligeuka rangi ya nyasi kavu, mbegu zikamwagika chini kama mchele uliopasukiwa gunia, na panya mkia mrefu wakala, wakazaa, wakala tena. Mbegu zilipoisha waliteremka. Walikuwa ndani ya viatu, ndani ya unga, na kisimani wanaelea. Wazee walilala nje baridi ile yote, na waliobaki ndani, wengine walikufa kwa homa ambayo haikuwa na jina.

Mwaka juzi mianzi ilichanua tena. Muuguzi wetu Evaristo, anayezunguka bondeni na gari la zahanati, akatuita sote shuleni. Sisemi baadhi yetu. Sote. Berrutti alikaa mstari wa mbele, akanyonya kwa mrija chai chungu ya kibuyu kile kile tulichokuwa tukipokezana, akaitikia kwa kichwa kila Evaristo alipomaliza sentensi. Nataka hilo likumbukwe, kwa maana baadaye aligeuka mtu asiyejua kitu.

Evaristo alieleza kwa maneno ambayo hata kuku angeelewa. Kirusi kinaishi ndani ya yule panya na panya haumwi. Kinatoka kwenye mkojo wake, mavi yake na mate yake. Vikikauka vinakuwa vumbi, na wewe ukifagia unaliinua vumbi, unalivuta, limeingia kifuani. Nyumba iliyofungwa miezi ndiyo mbaya zaidi. Fungua milango na madirisha, ondoka, iache ipate hewa na jua. Ukirudi, lowesha kila kitu kwa maji yenye klorini, subiri, kisha piga deki. Fagio usiliguse. Akasema pia kwamba kirusi cha milima yetu kina ubaya wa ziada, kinaweza kumtoka mgonjwa kikamwingia aliye mzima, kwa hiyo mtu akiwa na homa asipewe kibuyu cha pamoja wala mrija wa pamoja. Hapo ndipo watu waliponung'unika. Kumnyima mtu kibuyu kwetu ni kumtukana.

"Na busu je?" aliuliza mzee mmoja kutoka nyuma.

"Kwako wewe mzee sina wasiwasi," Evaristo akamjibu, na ukumbi wote ukacheka. Berrutti naye alicheka.

Baridi ikapita. Theluji ilipoyeyuka Herminda alikwenda kuchungulia nyumba ya kwanza dirishani. Aliona magodoro yametobolewa, na mavi ya panya yametapakaa juu ya meza. Akamfuata Berrutti ofisini kwake kuomba klorini, barakoa, na muda wa kuacha nyumba zipate hewa. Mimi nilikuwa nimepeleka mkate, kwa hiyo niliyasikia.

"Klorini inaharibu mbao, mama," Berrutti akasema. "Ile sakafu ikiingia doa, tajiri atanila mimi."

"Sakafu itapakwa rangi. Mapafu hayapakwi."

"Wavuvi wanafika wiki ijayo. Fagia vizuri, fuata na kitambaa chenye nta, itatosha. Siku zote umefanya hivyo."

"Siku zote mianzi haikuchanua."

"Mama Herminda, ukienda kutandaza ndoo na barakoa mbele ya wageni, watauliza. Wakiuliza, nijibu nini?"

"Jibu panya."

Akavuta pumzi kama mtu mwenye subira nyingi. "Basi wewe pumzika mwaka huu. Umri nao umeenda."

Herminda alitoka bila kuaga. Njiani alikata fimbo akaenda anapiga vichaka vyote vya kando ya barabara mpaka nyumbani. Alidhani mambo yameishia hapo, hafungui yeye, na nani mwingine anayezijua zile nyumba?

Nélida alizijua. Alikuwa amemsindikiza mama yake kule tangu utotoni, na Berrutti alimfuata yeye. Msichana alikuwa anataka kwenda kusomea ushonaji mjini, alikuwa na miaka ishirini na sita na amechoka kulala chumba kimoja na mama anayeongea na jiko. Walizozana usiku kucha, nilisikia kutoka kwangu. Kulipokucha alipita kununua mkate macho yamevimba.

"Shangazi, mama anaogopa panya kuliko anavyomwogopa Mungu."

"Na wewe uwaogope. Fungua milango uondoke, urudi kesho yake."

"Nitafungua. Mimi si mjinga."

Alifungua. Evaristo alipomuuliza baadaye, alisema alifungua. Lakini siku ile upepo ulivuma kutoka barabarani na vumbi likawa linaingia kwenye sakafu iliyopakwa nta. Berrutti akapita na gari, akaona, akamwambia afunge milango afagie ndani kwa ndani. Nélida akajifunga leso mdomoni, akafagia nyumba ile ya kwanza, ya wageni wa wiki ile. Jioni alinywa chai kwangu akaniambia, "Shangazi, ukifagia unaona vumbi linaelea kwenye mwanga wa dirisha kama unga." Nilikuwa nakanda unga wakati anasema hivyo. Nilimwambia aende akaoshe nywele, akaosha. Sakafu ilipona. Wavuvi walikuja, wakawarudisha samaki wao majini, wakaenda zao salama. Vumbi lao lilikuwa limeshavutwa na mtu mwingine.

Ugonjwa haukuja mara moja. Ulingoja hadi tukasahau. Siku moja Nélida aliamka mgongo unauma, miguu inauma, homa kali, tumbo linakataa chakula. Zahanati ilikuwa imefungwa kwa sababu Evaristo alikuwa bonde jingine. Mama zake wadogo, dada zake Herminda, wakaja kumpa pole, na kama ilivyo desturi wakatia maji kwenye kibuyu wampe yeye wa kwanza. Herminda alitoka jikoni akakipiga kibuyu kikaangukia ukutani. Walikasirika, wakasema huyo mwanamke amekuwa mchawi, wakaondoka. Hakuna aliyekunywa. Mpaka leo hawajamshukuru, na wote ni wazima, wananenepa.

Evaristo alipofika alisikiliza kifua cha msichana kisha akakunja kifaa chake polepole. Hakugusa chai aliyowekewa. Wakamlaza Nélida nyuma ya gari, wakaenda naye hospitali kubwa, safari ya kutwa nzima. Herminda alipanda naye, kajifunga leso usoni, kamshika mkono njia nzima. Walipofika akazuiwa mlangoni. Alimwona binti yake kwa kioo, akiwa na mrija kooni na mashine ikimpumulia. Wakamwambia ugonjwa huu hauna dawa yake maalumu, kazi yao ni kumsaidia apumue mpaka mwili wake ushinde wenyewe, ukishinda. Wakamwambia na yeye arudi nyumbani akajitenge na watu wiki kadhaa, ajipime homa, kwa sababu amemhudumia mgonjwa. Akarudi. Mama alimwacha mtoto wake na mashine akarudi kulinda watu ambao sasa wanamwita mchafu.

Alijitenga kweli. Hakuingia kwa mtu. Mkate nilimwekea juu ya nguzo ya ua, nikirudi nyuma ndipo anauchukua. Redio yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila mchana alikuja akakaa juu ya gogo la kupasulia kuni, hatua kadhaa kutoka dirisha la jiko langu, na mimi naweka redio yangu dirishani.

Bondeni kwetu simu haishiki, kinachoshika ni redio. Mchana mzee Olegario anasoma matangazo ya wakazi wa milimani, na kila jiko linanyamaza. Mwenye mgonjwa hospitalini anapata habari zake hapo. Mwenye kondoo waliopotea, mwenye mtoto anayeshuka na lori, mwenye mume aliyehama bila kuaga, wote wanapita hapo na bonde zima linasikia. Olegario ana sheria mbili. Hakatai tangazo la mtu, na habadilishi neno la mtu isipokuwa tusi. Anasoma yote kwa sauti moja, kifo na kondoo.

Mchana mmoja tulisikia habari za hospitali: Nélida hali yake haijabadilika. Kisha likafuata tangazo jingine. Olegario akasoma, "Kwa Yésica Antileo na wenzake wawili, Mallín Hondo. Jumatatu asubuhi mfike lango la nyumba za ziwani kwa usafi wa nyumba zilizobaki. Mje na mifagio. Ni Berrutti."

Nilitazama nje. Herminda alikuwa amesimama.

"Mifagio," akasema.

Yésica ni binti wa Zunilda, jirani yetu hapa Mallín Hondo, upande wa chini wa mto. Yeye na wale wawili wamecheza na Nélida tangu wakitembea pekupeku. Herminda alishuka mpaka lango la Zunilda, akasimama nje, akaita. Pazia likasogea, likarudi. Akaita tena kwa jina. Zunilda akafungua dirisha kiasi cha kupitisha sauti.

"Usikaribie hapa na ugonjwa wako."

"Sikaribii. Mzuie Yésica Jumatatu."

"Berrutti amesema nyumba zilizobaki ni safi. Ile moja tu ndiyo ilikuwa na panya."

"Na panya ameambiwa akae hiyo moja tu?"

Dirisha likafungwa. Kwa wale wengine wawili hata pazia halikusogea. Walimwogopa mama wa mgonjwa, ila nyumba yenye mavi ya panya hawakuiogopa, kwa kuwa nyumba ina mshahara. Nilitaka kwenda mimi kupiga kelele mlangoni kwao. Herminda akanikataza. Akasema watasema ni wifi yake, na Jumatatu wataenda vilevile.

Akatandika farasi. Lori la mjini lingemfikisha upesi lakini lori lina watu, na yeye alikuwa bado kwenye kujitenga. Alipanda farasi kwenye mvua ya barafu, mwanamke wa miaka karibu sitini, akafika mjini kalowa mpaka kwenye mifupa. Yaliyotokea huko Olegario mwenyewe alinisimulia. Alisikia anagongewa kioo cha studio, akafungua dirisha.

"Herminda, ingia ndani, utakufa na baridi."

"Siingii. Chukua kalamu."

Alimtajia tangazo. Olegario akaandika mpaka mwisho, kisha akaisoma tena karatasi.

"Herminda, huyu Berrutti ndiye anayetulipia umeme hapa."

"Basi soma kwanza, yeye azime baadaye."

"Hili si tangazo. Hii ni kesi."

"Kuna tusi?"

"Hakuna."

"Nimedanganya?"

"Sijui kama umedanganya au la."

"Na wewe kazi yako lini imekuwa kujua? Umesoma tangazo la yule Fermín kwamba anarudi kwa mkewe, miaka mitatu mfululizo. Soma na langu."

Olegario akasema alicheka bila kupenda, na alipomaliza kucheka aliona aibu. Herminda hakucheka. Aligeuza farasi akarudi milimani.

Mchana wa Jumapili niliweka redio dirishani. Zikasomwa salamu za harusi, akasomwa ng'ombe mwenye pembe moja, halafu Olegario akasoma, kwa sauti yake ile ile:

"Kwa Yésica Antileo na wenzake, na kwa yeyote aliyeitwa kufagia nyumba za ziwani. Msiingie. Nélida alifagia, sasa anapumuliwa na mashine. Kwenye nyumba hizo kuna mavi ya panya mkia mrefu. Aliyetutuma alikuwepo shuleni Evaristo alipotueleza. Fungueni milango mwondoke. Msifagie pakavu. Kama hakuna klorini, hakuna kazi. Na wageni wanaosikia, ulizeni kabla hamjalala. Anayetuma ni mama yake Nélida."

Ikafuata habari ya mtu aliyepoteza kofia kwenye lori.

Jumatatu hakwenda mtu. Wala wiki ile yote. Bonde zima lilikuwa limesikia, na mama gani atamtoa binti yake mbele ya macho ya bonde zima? Aibu ilifanya kazi ambayo akili ilishindwa kufanya. Wavuvi wa awamu ya pili nao walikuwa na redio kwenye magari yao. Wakauliza, wakaondoka. Nyumba zikabaki zimefungwa na msimu ukaendelea bila wageni. Mikate yangu niliyokuwa nawauzia niliwapa nguruwe, na sikumlaumu Herminda hata siku moja, nawaambieni ukweli. Nilimlaumu aliyestahili.

Naye alikuja. Alisimama nyuma ya ua wa Herminda na viatu vyake vya ngozi kwenye matope. Herminda alikuwa anapasua kuni, hakuacha.

"Mama Herminda, umeniharibia msimu."

Shoka likashuka.

"Nasikitika sana kwa binti yako. Kila siku namwombea. Lakini hakuna aliyethibitisha kwamba aliupata kwangu. Panya wako kila mahali mwaka huu. Hata hapa kwako, kwa heshima zote."

Shoka likabaki juu, kisha akaliweka chini taratibu.

"Ingia," Herminda akasema. "Ingia unioneshe panya wangu. Vua viatu kwanza."

Hakuingia. Alirudi nyuma, akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni kwangu, akaniuliza kama kuna mkate. Nilimwambia nina mkate mwingi sana na wake haumo. Akaondoka, na huko mjini ndiko lile neno la uchafu lilikoanzia. Sina shahidi. Sihitaji shahidi.

Halafu akatoa habari kwamba kiangazi hiki hataajiri mtu yeyote wa Mallín Hondo, ataleta wasichana wa mjini wasiosikiliza redio. Hilo ndilo lililowauma watu. Watu wakaacha kumsalimu Herminda. Muda wake wa kujitenga ulikwisha, homa haikumpata, Evaristo akamwambia yuko huru kukaa na watu, na watu wakawa hawataki kukaa naye. Alipita barabarani kama mtu aliyeiba. Mimi nilimwambia aingie sasa asikilizie redio jikoni, kuna joto. Alikataa. Alisema amezoea gogo.

Mchana mmoja Zunilda alikuja kwangu na wale mama wawili wengine. Hawakuja kununua mkate. Walisimama uani, kati ya mlango wangu na gogo la Herminda, na Zunilda ndiye aliyeanza.

"Nimekuja useme mbele ya watu. Yésica wangu amekosa kazi ya kiangazi chote kwa sababu ya mdomo wako."

"Amekosa," Herminda akasema.

"Na ni mzima. Umemwona? Hana hata mafua. Wote watatu wazima. Uko wapi huo ugonjwa uliotutangazia redioni?"

"Hawakufagia, Zunilda."

"Utajuaje kama wangefagia wangeugua? Utajuaje? Labda wangefagia wakawa wazima hivyo hivyo, na tungekuwa na kitu cha kula."

Niliacha unga nikatoka na mikono yangu vile vile. Nilikuwa na maneno tayari, na mengine yalikuwa machafu. Herminda aliniinulia kiganja. Redio ilikuwa imeanza.

Tukanyamaza wote, hata Zunilda, kwa kuwa hakuna mtu bondeni anayeongea wakati wa matangazo. Olegario alisoma kwamba daraja la juu halipitiki. Akasoma kwamba mtu fulani anatafuta dume la kondoo. Kisha akasita. Miaka yote niliyomsikiliza sikuwahi kumsikia akisita.

"Kwa Herminda Calfuqueo, Mallín Hondo," akasoma. "Nélida amefariki leo alfajiri. Hospitali inasema mwili hautaruhusiwa kukeshewa nyumbani, utazikwa kwa jeneza lililofungwa. Daktari anasema alijitahidi sana." Karatasi ilisikika ikigeuzwa. "Pole, Herminda. Hilo la mwisho ni langu mimi."

Nilizima redio. Mmoja wa wale mama alijifunika mdomo kwa kitambaa chake cha kichwa. Zunilda alibaki kasimama pale pale, mkono wake bado umeelekezwa kwa Herminda jinsi ulivyokuwa wakati anagomba, kama aliyesahau kuushusha.

Nilikuwa nakwenda kumshika wifi yangu. Hakutaka kushikwa. Aliinuka kwenye gogo, akajipangusa vipande vya kuni kwenye sketi, akamtazama Zunilda.

"Yésica yuko wapi saa hizi?"

Zunilda akaushusha mkono.

"Nakuuliza. Binti yako yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Anafanya nini?"

"Anafua," Zunilda akasema, kwa sauti ndogo sana. "Anafua mashuka."

"Basi nenda kamkasirikie yeye, maadamu unaye," Herminda akasema. "Nenda kamkasirikie vizuri, mpaka achoke kukusikia. Mimi niondokee hapa."